Jinsi ya Kuamua Pamoja na Wanawake katika Utafiti wa Afya: Mwongozo kwa Watafiti na Waratibu wa Utafiti

Mwaka 2011 jaribio la dawa kinga dhidi ya VVU lililoitwa FEM-PrEP, lililowahusisha wanawake 2,120 nchini Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu halikuonesha kwamba kidonge cha kila siku kinakinga. Wanawake walipoulizwa, asilimia 95 walijibu kwamba wanameza kidonge kila mara au mara nyingi. Damu ya baadhi ya waliopangiwa dawa ilipopimwa, chini ya asilimia 40 yao walikuwa na dalili za kuimeza siku za karibuni. Mwaka huohuo jaribio la Partners PrEP, lililofanyika Kenya na Uganda kwa wenzi ambao mmoja wao anaishi na VVU na mwingine hana, lilionesha kwamba kidonge cha dawa hiyohiyo kinapunguza maambukizi kwa asilimia 75. Kemia ya dawa haikubadilika kati ya jaribio moja na lingine. Kilichotofautiana ni matumizi, na matumizi hutokana na uamuzi ambao mtu ameufikia mwenyewe, akiujua, akiwa na mtu wa kumsaidia kuutekeleza.

Kwa mtafiti yeyote anayepanga kazi na wanawake, hapo ndipo pa kuanzia. Mwanamke aliyeletewa utafiti ukiwa umekwisha kuamuliwa, akaombwa saini tu, bado ana njia ya kuamua: atakubali mbele yako na kukataa akifika nyumbani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumshirikisha mapema, waziwazi na kwa usalama, ili uamuzi wake uingie ndani ya utafiti na usibaki nje.

Anza kabla swali halijaandikwa

Tangazo la Helsinki, yaani kanuni za maadili ya utafiti za Chama cha Madaktari Duniani, katika toleo lake la Oktoba 2024, linataka washiriki na jamii zao washirikishwe ipasavyo kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake. Neno "kabla" ndilo linalorukwa mara nyingi, kwa sababu fedha hupatikana baada ya itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, kuandikwa, na bila fedha hakuna nauli ya mkutano. Njia ya kutoka hapo ni kutenga kiasi kidogo kutoka katika fedha za utafiti uliotangulia, au kuzungumza na vikundi ambavyo tayari vinakutana: akina mama wanaosubiri zamu kliniki, wanachama wa VICOBA au chama, wauguzi wa wodi ya wazazi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Usiwaite waje kwako. Omba nafasi ya nusu saa katika siku yao ya kawaida ya kukutana, na uombe kwa mwenyekiti wa kikundi chenyewe kabla hujapita kwa mtendaji wa kijiji kutoa taarifa.

Katika mazungumzo hayo usipeleke rasimu ya itifaki. Peleka maswali. Ni tatizo gani la afya linalowapotezea siku nyingi zaidi? Dawa wanazopewa zinawaletea shida gani ambazo hawazisemi kwa daktari? Mabadiliko gani yangewafanya waseme tiba hii imefaa? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo linaloamua kitakachopimwa. Mtafiti wa uzazi wa mpango huhesabu mimba zilizozuiwa, ilhali mwanamke anayetumia sindano au kipandikizi huenda akawa anahesabu siku ambazo damu inamtoka bila mpangilio, siku ambazo hawezi kusali, kufunga au kulala na mumewe. Utafiti usiopima jambo hilo utatoa jibu sahihi kwa swali ambalo yeye hakuuliza, kisha wataalamu watashangaa kwa nini wanawake wanaacha njia ambayo takwimu zinasema ni bora.

Bodi ya ushauri ya jamii ni chombo kizuri, lakini kagua ni nani amekaa ndani yake. Mara nyingi huwa na mwenyekiti wa mtaa, shehe, mchungaji, mwalimu mkuu mstaafu, na mwanamke mmoja anayeandika kumbukumbu. Mwanamke mmoja kati ya wanaume wanane wenye heshima zao hawezi kutarajiwa kusema hadharani kwamba ratiba ya kuchukua vipimo vya ukeni inamwaibisha. Wajumbe wanawake wawe nusu au zaidi pale utafiti unapowahusu wao, wakutane kwanza peke yao, kisha hoja zao ziingie katika mkutano wa wote zikiwa hoja za kikundi na si za mtu mmoja. Mikutano ifanyike saa ambazo mtu hatafuti maji wala kupika, watoto wadogo wawe na mtu wa kuwaangalia, na nauli ilipwe siku hiyohiyo mkononi mwake.

Fungua pia daftari la maamuzi. Kila ukurasa uwe na mambo manne: pendekezo lililotolewa, kundi lililolitoa, kilichobadilishwa katika utafiti, na kama hakikubadilishwa, sababu yake. Mfano wa ukurasa mmoja ungesomeka hivi: "Wanawake wa kikundi cha pili wanaomba ziara za kila wiki mbili ziwe za kila mwezi kwa sababu ya kazi za shamba. Ziara mbili za mwanzo zimebaki kwa sababu za usalama wa dawa. Zinazofuata zimekuwa za kila mwezi. Wamejulishwa katika kikao kilichofuata na wamekubali." Daftari hili lisomwe kwa sauti mbele ya bodi kila robo mwaka. Likiwa na kurasa nyingi ambazo safu ya tatu ni tupu, basi bodi hiyo inashauri lakini haiamui, na wajumbe wake watalijua hilo kabla yako.

Gharama ya kulipuuza jambo hili imekwisha kuonekana. Mwaka 2004 jaribio la dawa kinga dhidi ya VVU lililopangwa kufanyika Kambodia lilifutwa baada ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono mjini Phnom Penh kupinga, wakitaka wahakikishiwe matibabu endapo dawa ingewadhuru, na mwaka uliofuata jaribio la dawa hiyohiyo lilisimamishwa Kameruni. Wanawake wale walikuwa na swali la haki, ambalo lingeweza kujibiwa mezani miezi kadhaa kabla.

Mjamzito asiondolewe kwa mazoea

Itifaki nyingi zina sentensi moja fupi katika vigezo vya kutoshirikishwa: wajawazito na wanaonyonyesha. Sentensi hiyo huandikwa kwa nia njema, na historia yake inaeleweka. Dawa ya thalidomide, iliyoondolewa sokoni kuanzia mwaka 1961, ilisababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu, na mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wenye uwezo wa kushika mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, msimamo uliobadilishwa mwaka 1993. Lakini watoto wale hawakudhurika katika jaribio. Walidhurika kwa sababu dawa iliuzwa kwa mama zao bila kuchunguzwa ipasavyo wakati wa ujauzito. Kumwondoa mjamzito katika utafiti hakumwondolei hatari. Kunaihamishia hatari hiyo nyumbani kwake, ambako hakuna daktari anayemfuatilia wala mtu anayeandika kilichotokea.

Jirani zetu wa Kivu Kaskazini na Ituri wanalijua hili kwa uchungu. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 ulipoanza, chanjo ilitolewa kwa watu waliokuwa karibu na wagonjwa, lakini wajawazito na wanaonyonyesha hawakuruhusiwa kuipata hadi mwaka 2019. Ebola humuua mjamzito na mimba yake kwa kiwango cha kutisha, hivyo kumkinga dhidi ya chanjo huku ukimwacha wazi kwa ugonjwa ulikuwa uamuzi mzito sana, na yeye hakuulizwa.

Kwa hiyo, unapofika katika vigezo hivyo, andika sababu ya kila kundi unaloliondoa, sentensi kamili yenye ushahidi, na uipeleke kwanza kwa bodi ya jamii kabla ya kamati ya maadili. Kama sababu ni kwamba dawa haijakamilisha majaribio kwa wanyama wenye mimba, sema hivyo, na useme ni lini kundi hilo litaingizwa. Kama sababu ni kwamba "ndivyo inavyofanyika", iondoe. Mshiriki anayeshika mimba katikati ya utafiti apewe taarifa na nafasi ya kuchagua kuendelea pale usalama unaporuhusu. Hili linawezekana: jaribio la PURPOSE 1 la sindano ya kukinga VVU iitwayo lenacapavir, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, liliwaruhusu waliopata ujauzito kubaki na liliwashirikisha wasichana wa miaka 16 na 17. Matokeo yake ya mwaka 2024 yalionesha kwamba kati ya wanawake 2,134 waliopata sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Kwa sababu hao walikuwemo tangu mwanzo, hakuna haja ya kuwaambia wasubiri miaka mingine mitano.

Hatari ielezwe kwa hesabu ambayo mtu anaweza kuibeba

Mei 2018 uchunguzi uliokuwa ukiendelea Botswana ulitoa tahadhari kuhusu dolutegravir, dawa bora ya kufubaza VVU. Kati ya wanawake 426 waliokuwa wakiitumia walipotunga mimba, 4 walijifungua watoto wenye kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, zilizuia dawa hiyo kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wanaume wakaendelea kuipata. Julai mwaka huo wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali na kutoa tamko: waelezwe hatari ilivyo, wapewe njia za uzazi wa mpango wanazozitaka, na waachiwe kuchagua. Takwimu zilipoongezeka mwaka 2019 zikawa watoto 5 kati ya 1,683, na Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wakiwemo. Kumbuka mfuatano huo: wanawake walitoa tamko lao mwaka mzima kabla ya wataalamu kufika hapohapo.

Chukua kisa hiki kama zoezi la kuandika karatasi ya maelezo. Asilimia 0.94 ikishushwa hadi 0.30 haimwambii chochote mama aliyeketi kwenye benchi la kliniki. Tumia kizio kimoja kila mahali, yaani idadi ileile ya watu, na uoneshe pande zote mbili, kama hivi kwa takwimu za mwaka 2019: "Kati ya wanawake 1,000 wanaotumia dawa hii wanapotunga mimba, karibu 3 wanaweza kupata mtoto mwenye kasoro hii, na 997 hawatapata. Kati ya wanawake 1,000 wanaotumia dawa nyingine za kufubaza VVU, karibu 1 anaweza kupata mtoto mwenye kasoro hii, na 999 hawatapata." Kisha eleza faida kwa kizio hichohicho, pamoja na hatari ya kutotumia dawa kabisa, kwa mama na kwa mtoto. Usiandike "mara tatu zaidi" peke yake. Maneno hayo yanatisha bila kufafanua. Na takwimu zikibadilika baadaye, kama zilivyobadilika hizi, ambazo kufikia mwaka 2022 hazikuonesha tena tofauti kati ya dawa hii na nyingine, rudi kwa washiriki na karatasi mpya, usingoje waulize, kwa maana uamuzi uliofanywa kwa taarifa ya jana una haki ya kufikiriwa upya.

Mazungumzo ya ridhaa, na mume akiwa mlangoni

Mwongozo wa kimataifa wa maadili wa mwaka 2016 wa CIOMS, baraza la mashirika ya kimataifa ya sayansi ya tiba, uko wazi: ridhaa ya mwanamke mwenyewe ndiyo inayohitajika, na ruhusa ya mtu mwingine haiwezi kwa namna yoyote kuchukua nafasi yake. Wapo watakaosema kwamba hilo haliendani na mila zetu, kwamba mke hushauriana na mumewe na mara nyingi na mama mkwe. Kushauriana ni jambo jema na utafiti uliache lifanyike. Mpe karatasi aende nayo kama ni salama kwake, mpe siku mbili tatu, mwambie anaweza kurudi na mtu anayemwamini. Kinachokatazwa ni mtafiti kwenda kumwomba mume kwanza, kisha kumfikia mke akiwa na jibu tayari, kwa sababu hapo mke hana tena nafasi ya kukataa bila kuonekana amempinga mwenye nyumba.

Kwa hiyo mwulize yeye, mkiwa wawili: "Ungependa mtu mwingine ashiriki mazungumzo haya, au tuyaache kati yetu?" Akitaka mumewe aje, mkaribishe baba kwa heshima, mweleze yote, mjibu maswali yake, halafu mrudie mama peke yake kabla ya saini, huu ukiwa utaratibu kwa kila mshiriki ili asionekane yeye pekee ametengwa. Asipotaka, usimdadisi sababu. Mume akifika bila kualikwa, mpokee, mwambie kwamba utafiti unahusu afya ya akina mama, na kwamba mazungumzo ya kila mshiriki ni siri kama yale ya daktari na mgonjwa. Usithibitishe wala kukanusha kama mke wake yumo.

Kupima kama ameelewa ni kazi inayohitaji utulivu. Swali la "umeelewa?" hupata jibu la "ndiyo" kwa adabu tu. Tuchukue mfano wa muuguzi mtafiti na mama aliyekuja kliniki ya wajawazito:

"Mama, nimezungumza mengi, nami nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ungekuwa unamsimulia dada yako nyumbani, ungemwambia tutakufanyia nini, na ukikataa itakuwaje?"

"Mtanichukua damu, mtanipa dawa, nitarudi kila mwezi. Nikikataa… nadhani kliniki hawatanipokea kama zamani."

Fomu ikisainiwa hapo, ridhaa hiyo ni batili hata kama saini ni nzuri. Muuguzi anapaswa kusimama na kulipokea kosa liwe la maelezo yake: "Ahsante kwa kuniambia, mama. Hapo sikueleza vizuri. Kliniki ni haki yako na kadi yako itaendelea kupokewa kama kawaida, hata ukikataa leo au ukijitoa mwezi ujao." Kisha amwombe asimulie tena. Kuhusu damu, taja kiasi kwa kipimo cha nyumbani: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Eleza inapelekwa wapi, inapimwa nini, na masalia yake yanafanywa nini. Katika nchi ambazo hadithi za mumiani zimesimuliwa tangu enzi za ukoloni, wasiwasi kuhusu damu si ujinga, na mtafiti anayeucheka atazungumza na nyuso zilizofungwa mpaka atakapoondoka.

Wasichana walio chini ya miaka 18 wanahitaji, kwa kawaida, ruhusa ya mzazi au mlezi pamoja na ridhaa yao wenyewe. Waulize kamati ya maadili mapema kuhusu waliokwisha kuolewa au kuzaa, kwani hilo hutatuliwa kwa sheria na taratibu za nchi husika na halipaswi kuamuliwa na mtafiti akiwa uwanjani.

Usalama baada ya kutoka chumbani

Uamuzi wa mwanamke unaweza kumletea madhara akirudi nyumbani, na wajibu wa mtafiti hauishii mlangoni. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ukatili wa wenzi, uliofanyika katika nchi kadhaa zikiwemo sehemu za Dar es Salaam na Mbeya, ulifuata kanuni ambazo zinafaa kuigwa hata katika mada nyepesi zaidi: mwanamke mmoja tu ahojiwe katika kaya, utafiti utambulishwe kwa wanakaya kwa jina la jumla la afya ya wanawake, mahojiano yabadilike mada mara mtu anapoingia, na anayehoji awe na mahali pa kumpeleka mhojiwa akihitaji msaada.

Simu ndiyo inayosahaulika. Laini inaweza kusajiliwa kwa jina la mume, au simu ikawa ya familia nzima. Kabla hujaandika namba, uliza maswali matatu: nani mwingine hupokea simu hii, nikipokewa na mtu mwingine niseme mimi ni nani, na ujumbe mfupi utumwe au usitumwe? Majibu yaandikwe juu kabisa ya faili lake. Fidia ya muda na nauli ikipitia pesa za simu, hakikisha inaingia katika laini anayoimiliki mwenyewe. Kama hana, mlipe taslimu. Chupa za vidonge zenye jina la mradi, kadi zenye nembo, gari lenye maandishi likiegeshwa nje ya nyumba yake, vyote ni matangazo ambayo yeye hakuyaomba. Waombe wajumbe wanawake wa bodi wavikague kabla havijachapishwa.

Uchambuzi na marejesho

Idadi ya wanawake katika utafiti haitoshi kama matokeo yao yatazamwa yakiwa yamechanganywa na ya wanaume. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipunguza kwa nusu kiwango cha kuanzia cha dawa ya usingizi ya zolpidem kwa wanawake, baada ya dawa hiyo kuwa sokoni kwa miaka zaidi ya 20, kwa kuwa mwili wa mwanamke huiondoa polepole zaidi. Weka katika mpango wa uchambuzi, kabla ya data ya kwanza kuingia, kwamba matokeo na madhara yatatolewa kwa wanawake na kwa wanaume kando kando, na ukubwa wa sampuli uhesabiwe kwa kuzingatia hilo. Haki hii ni ya wanaume pia: tafiti za kifua kikuu za ngazi ya taifa zimeonesha mara kwa mara kwamba wanaume wengi wanaougua hawajagunduliwa, na utafiti unaofanyikia kliniki ya mama na mtoto pekee hautawaona.

Marejesho yafike kwa washiriki kabla ya kufika katika jarida au kwenye redio. Ita kikao cha wanawake peke yao, soma matokeo kwa lugha yao, na utoe muda wa maswali mrefu kuliko muda wa maelezo. Waulize wanaonaje sababu za matokeo hayo, kwa sababu mara nyingi wanazijua. Majibu yao yaingie katika sehemu ya mjadala ya ripoti, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wasaidizi wa utafiti waliofanya kazi ya kweli, ambao wengi wao ni wanawake, watajwe kama waandishi pale wanapotimiza masharti. Kama dawa imefaa, washiriki wajue siku hiyo wataipata wapi, kwa muda gani, na nani analipa. Makubaliano hayo yanapaswa kuwa yamesainiwa na mfadhili na wizara kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa, nakala moja ikiwa mikononi mwa bodi ya jamii.